Mwalimu Nyerere: Mwanafunzi Aliyekumbuka Nani Kamsomesha



Kijana mwenzangu, kama unasoma hapa Dodoma hali unaijua. Upepo wa mchana unakumwagia vumbi machoni, bumu halijaingia, mitihani iko mlangoni, na desa la mwaka jana linazunguka kwenye simu za watu. Mama anapiga kuuliza kama umekula, unamjibu ndiyo, kumbe toka asubuhi ni chai tu. Katika mbanano huo, kitu cha kwanza kuachwa huwa ni Misa. Wengi tulifika chuo tukiwa wanakwaya na wana-TYCS wa nguvu, lakini kufika mwaka wa pili hata rozari hatujui iko kwenye begi gani.

Leo tumwangalie mwanafunzi mmoja ambaye kwake mambo yalikwenda kinyume. Yeye chuo hakikumtoa kanisani. Alibatizwa akiwa tayari ni mwanachuo. Sura yake unaiona kwenye noti ya elfu moja, na ndiye aliyekuwa Rais mwaka 1973 ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa Dodoma. Tuweke urais pembeni kidogo, tumtazame akiwa na daftari mkononi.

Kambarage alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki mwenye wake wengi, na mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wao. Shule alianza akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 akaenda Tabora, shule ya serikali. Mafundisho ya dini alianza kuyafuata akiwa bado mwanafunzi mdogo, ila ubatizo haukuja haraka. Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda. Desemba 23 mwaka huohuo akabatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, akachagua jina la Julius. Alikuwa na miaka 21.

Hebu tafakari hapo. Sisi wengi tulibatizwa tukiwa wachanga, tumebebwa mgongoni. Yeye aliamua akiwa mtu mzima, katika umri ambao vijana wengi huanza kuona dini kama mambo ya nyumbani kwa bibi. Na hakuishia kwenye cheti cha ubatizo. Pale Makerere alikuwa hai katika chama cha wanafunzi Wakatoliki, kama wewe unavyoweza kuwa hai katika TMCS.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kanisani tu. Yeye na wenzake, akina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi wa Watanganyika waliokuwa wanasoma pale. Mwapachu alikuwa Mwislamu, na urafiki wao haukutetereka kwa sababu hiyo. Aliandika pia insha kuhusu hali ya wanawake, kwa kutumia mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, ikashinda tuzo. Kijana aliyekulia katika nyumba ya wake wengi alichukua alichosoma darasani akakitumia kuangalia maisha ya mama zake. Kusoma kwake kulikuwa na kazi, hakukuwa kwa kupata maksi tu.

Alipomaliza Makerere hakukimbilia penye pesa nyingi. Alichagua kufundisha St. Mary's, Tabora, shule ya misheni chini ya Mapadre Weupe. Huko Padre Richard Walsh akawa rafiki yake na kumhimiza aendelee na masomo. Mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni. Baridi, chakula kigeni, na nyumbani watu wanamtegemea. Kabla ya kuondoka alihangaikia jambo moja: nani atawatunza mama na ndugu zake? Akahakikisha kuna fedha inayowafikia nyumbani.

Na mchumba je? Maria Waningu alikuwa mwalimu kule nyumbani. Walichumbiana kabla ya safari, na miaka yote ile ya Edinburgh bahari ilikuwa katikati yao. Hakukuwa na simu ya video wala meseji ya usiku. Julius alipata shahada yake mwaka 1952, akarudi, na Januari 1953 wakafunga ndoa. Wewe unayesema mapenzi ya mbali hayawezekani, umesikia.

Mwaka huohuo akaanza kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. TANU ilipozaliwa, Julai 7, 1954, akawa kiongozi wake. Mwaka 1955 ikabidi achague: ualimu au siasa. Akaacha mshahara, na shahada yake, akiwa na familia changa. Kwa hesabu za mtaani, huyo kapoteza.

Kuna tukio moja ambalo sisi wasomi hatulipendi sana. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na lile la kukatwa sehemu kubwa ya kipato chao. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kusema alikuwa mkali mno, na baadaye wengi walirudishwa chuoni. Ila huwezi kusema aliwadai wengine kitu ambacho yeye hakukitoa.

Hakuwa malaika. Hapa Dodoma wapo mabibi na mababu wanaokumbuka miaka ya 1970 walivyohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, na si wote waliohama kwa hiari. Kanisa linayajua hayo pia. Mwalimu alifariki London, Oktoba 14, 1999, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma likaanza mchakato wa kuyachunguza maisha yake. Leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Bado hajatangazwa mwenyeheri, na uamuzi tunauachia Kanisa.

Kwetu sisi, swali liko karibu zaidi. Ada yako inatoka wapi? Kuna mtu kauza mbuzi, kuna mama anaamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, kuna wakulima wa Kongwa na Mpwapwa wanaolipa kodi na hawajawahi kuingia lango la chuo. Hao ndio wanaotusomesha. Kabla ya kulala leo, andika majina matatu ya waliokufikisha hapo ulipo. Jumapili uyabebe Misani. Na ukimaliza chuo, uyatafute.

Tusali: Ee Bwana, umetupa akili na nafasi ya kusoma. Utujalie tusiwasahau waliotutuma, wala tusikusahau Wewe uliyetupenda kwanza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.