Sokoine: Miaka isiyozidi mitano ya Uwaziri Mkuu, alama isiyofutika

Na Mwandishi Wetu, Mzumbe

Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro ina sehemu mbili ambazo msafiri wa kawaida hawezi kuzihusisha. Ya kwanza ni Mzumbe, chini ya safu ya Milima ya Uluguru, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, ambako tangu mwaka 1953 watumishi wa serikali za mitaa wamekuwa wakipatiwa mafunzo ya kazi zao. Ya pili ni Wami-Dakawa, takriban kilomita 40 kutoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dodoma, mahali ambapo Aprili 12, 1984 Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Edward Moringe Sokoine, alifariki dunia kwa ajali ya gari akitoka bungeni Dodoma kuelekea Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Yapo majina machache katika historia ya Taifa hili ambayo, kila yanapotajwa, hutumika kama kipimo cha kumpimia mtumishi wa umma. Jina la Sokoine ni mojawapo. Jambo la kushangaza ni ufupi wa muda alioshika wadhifa huo. Kipindi chake cha kwanza kilianza Februari 13, 1977 na kumalizika Novemba 7, 1980. Cha pili kilianza Februari 24, 1983 na kukatishwa na kifo. Ukivijumlisha havifiki miaka mitano. Wapo viongozi waliokaa madarakani mara mbili au tatu ya muda huo ambao leo wanafunzi hulazimika kuwatafuta katika vitabu.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 Monduli, katika jamii ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli, kisha Shule ya Sekondari Umbwe mkoani Kilimanjaro. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, alijiunga na chama cha TANU, na baada ya mafunzo ya uongozi wa fedha nchini Ujerumani Magharibi alirejea kuwa mtendaji katika Wilaya ya Masai. Hapa ni vyema kusimama kidogo, kwa kuwa wasifu mwingi wa Sokoine hupita haraka hatua hii na kukimbilia Ikulu na Bungeni. Kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mtumishi wa wilaya: mtu wa mafaili, kodi, mabwawa ya kunyweshea mifugo na mashauri ya wananchi. Namna alivyoendesha Serikali baadaye, kwa ziara za ghafla na maagizo yenye tarehe ya utekelezaji, ilikuwa ya mtu aliyejua jinsi agizo linavyoweza kutoka makao makuu na kupotea kabla halijafika kijijini.

Mwaka 1965 alichaguliwa kuwa Mbunge. Miaka miwili baadaye akawa Naibu Waziri, mwaka 1970 Waziri wa Nchi, na mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa Februari 5, 1977, hazikupita siku kumi kabla ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kumteua kushika nafasi ya Rashidi Mfaume Kawawa. Alikuwa hajatimiza miaka 39.

Mtihani wa kwanza haukuchelewa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la Kagera, na nchi ambayo jeshi lake lilikuwa dogo ikalazimika kujiandaa kwa vita kamili. Kazi ya Waziri Mkuu haikuwa ya medani. Ilikuwa kuwaelekeza wakuu wa mikoa wakusanye kila kilichopo, malori, chakula, mafuta, askari wa akiba na nguvu za raia, na kukifikisha Kaskazini Magharibi kwa wakati. Aprili 11, 1979 Kampala ilianguka. Katika simulizi za vita hivyo majenerali ndio hutajwa, nao wanastahili. Lakini jeshi halitembei bila lori, na lori halitembei bila mtu wa kuamuru litoke katika kampuni ya mkoa.

Gharama ya ushindi huo ililipwa na kila kaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, mauzo ya mazao yalikuwa yameshuka. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo viliadimika madukani. Mwaka 1980 Sokoine aliacha kazi kwa sababu za afya, na nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa David Msuya. Aliporejea Februari 1983 foleni zilikuwa ndefu zaidi, na neno ulanguzi lilikuwa mdomoni mwa kila mtu.

Kilichofuata ndicho kinachokumbukwa zaidi, na ndicho kinachohitaji kuelezwa kwa uangalifu. Mwishoni mwa Machi 1983 ilianza operesheni ya kitaifa dhidi ya wahujumu uchumi. Maghala yalipekuliwa, bidhaa zilizofichwa zikatolewa, watu wengi wakakamatwa. Wananchi waliokuwa wamepanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni waliona kwa mara ya kwanza kwamba mwenye mali naye anaweza kuulizwa. Heshima ya Sokoine kwa watu wa kawaida ilijengeka katika wiki hizo, na haijashuka tangu hapo.

Hata hivyo, sheria iliyotungwa kuipa nguvu operesheni hiyo, Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1983, ilipewa uwezo wa kurudi nyuma na kugusa matukio yaliyotangulia kutungwa kwake. Iliunda mabaraza maalumu nje ya mfumo wa kawaida wa mahakama, ikamnyima mshtakiwa dhamana na wakili. Wanasheria waliipinga, na kwa haki. Bunge lenyewe liliifuta mwaka uliofuata na kutunga Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 1984, iliyorudisha mashauri hayo Mahakama Kuu. Mwaka huohuo, mabadiliko ya tano ya Katiba yaliingiza Haki za Binadamu katika sheria mama ya nchi. Sheria hiyo ya mwaka 1984, maarufu leo kama Sura ya 200, ingali inatumika, na tangu mwaka 2016 Mahakama Kuu ina divisheni maalumu ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Kila mjadala unaozuka nchini juu ya dhamana kwa washtakiwa wa makosa hayo una mizizi yake katika majira yale ya 1983.

Upande wa uchumi nao una somo lake. Operesheni ilifichua bidhaa zilizokuwapo. Haikuweza kuzalisha zisizokuwapo. Rafu za maduka zilianza kujaa baada ya bajeti ya Juni 1984, miezi miwili baada ya kifo chake, iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Kumheshimu Sokoine hakumzuii mtu kulisema hili.

Aidha, si kweli kwamba alijua mkono wa chuma peke yake. Mwaka 1983, usafiri wa Dar es Salaam ulipokuwa umezorota na Shirika la UDA likishindwa kukidhi mahitaji, Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na ndipo lilipotoka jina daladala. Katika nchi iliyokuwa na mashaka makubwa na biashara binafsi, hiyo haikuwa hatua ndogo. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na shughuli halali. Utekelezaji wake mijini ulizua malalamiko mengi na matokeo yake kwa kilimo yalikuwa madogo.

Ni katika eneo la tatu ambapo Mzumbe inaingia. Halmashauri za wilaya na miji zilikuwa zimefutwa kuanzia mwaka 1972, na vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa mwaka 1976. Sheria za mwaka 1982 zilivirudisha vyote viwili, na utekelezaji ukaangukia kipindi cha pili cha Sokoine. Halmashauri mpya zilianza kazi mwaka 1984. Zilihitaji wakurugenzi, waweka hazina, maofisa mipango na wanasheria, tena kwa haraka. Shule ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilikuwa tayari imekuzwa mwaka 1972 kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM Mzumbe, na sehemu kubwa ya kada hiyo ilipitia hapo. Mwaka 2001 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Mwananchi anayekwenda leo katika ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri yake kufuatilia kiwanja au leseni ya biashara anahudumiwa na mfumo uliofufuliwa katika miezi hiyo.

Jioni ya Aprili 12, 1984 Mwalimu Nyerere alitangaza msiba huo kupitia Radio Tanzania, na waliomsikiliza wanakumbuka sauti iliyokuwa ikikatika. Sokoine alizikwa Monduli Juu. Wengi walikuwa wakimtaja kama mrithi wa Mwalimu, aliyekuwa amekusudia kung'atuka mwaka uliofuata. Gari lililogongana na lake liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mwanachama wa ANC, chama ambacho Tanzania ilikuwa imekipa ardhi Mazimbu mwaka 1977 na baadaye Dakawa. Dereva huyo alishtakiwa, akatiwa hatiani kwa uendeshaji wa hatari na kufungwa. Uvumi wa kila aina umeendelea kwa miongo minne, lakini hukumu ya mahakama ndiyo kumbukumbu rasmi iliyopo.

Barabara ya Sokoine ipo Dar es Salaam na Arusha, uwanja wa michezo Mbeya, hospitali ya rufaa ya mkoa Lindi. Kumbukumbu kubwa kuliko zote ipo Morogoro. Julai 1, 1984, chini ya miezi mitatu baada ya ajali, kitivo cha kilimo, misitu na tiba ya mifugo kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanywa chuo kikuu kinachojitegemea na kupewa jina la Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wahitimu wake ni mabwana shamba, madaktari wa mifugo na watafiti wa mbegu waliotawanyika katika halmashauri zote za nchi.

Julai 1992, ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukielekea ukingoni, ANC ilikabidhi kwa Serikali majengo yake ya Mazimbu, yaliyokuwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Serikali iliyakabidhi kwa Chuo Kikuu cha Sokoine. Kampasi hiyo imebaki na jina la Mahlangu, na wanafunzi wanaosoma hapo hutunukiwa shahada za chuo chenye jina la Waziri Mkuu aliyefia njiani karibu na Dakawa.