Cecil Kimber: Baba wa Gari Dogo Lenye Jina Kubwa

Askari aliyekabidhiwa gari la kikosi hujifunza mapema kwamba chombo hakidumu kwa nguvu zake chenyewe, bali kwa mkono unaokitunza. Ukweli huo unadhihirika katika magari madogo ya spoti ya Kiingereza: magari ya wazi, yaliyo chini karibu na ardhi, yenye viti viwili na paa la turubai, ambayo yaliundwa kwa ajili ya raha ya kuendesha na wala si kwa kubebea mizigo. Hadi leo wapo watu Uingereza, Marekani na Australia wanaoendesha magari ya namna hiyo yaliyotoka kiwandani kabla wao wenyewe hawajazaliwa. Mengi kati ya hayo yana nembo moja: herufi M na G ndani ya umbo la pembe nane.

Maisha tunayowasimulia maafisa na askari wetu leo ni ya mtu aliyeipa nembo hiyo heshima yake, marehemu Cecil Kimber. Hakuwa jemadari, wala hakuvaa sare. Hata hivyo maisha yake yana funzo kwa kila mtu anayetumikia chini ya amri ya mwingine, kwa maana alichokijenga hakikuwa mali yake, na siku moja alilazimika kukiacha.

MGUU ULIOUMIA

Kimber alizaliwa mjini London tarehe 12 Aprili 1888, katika ukoo uliofanya biashara ya wino wa mitambo ya kuchapishia. Baadaye wazazi wake walihamia kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na huko ndiko alikosomea na kukulia. Tangu ujana alipenda pikipiki kupita kiasi. Mapenzi hayo yalimponza: alipata ajali akiwa juu ya pikipiki ya rafiki yake, na mguu wake wa kulia uliumia vibaya. Aliugua kwa muda mrefu, na alipopona mguu ule ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Alichechemea hadi mwisho wa maisha yake.

Wengine wangeapa kutogusa tena chombo chenye injini. Kimber alizichukua fedha za fidia, akanunua gari dogo aina ya Singer. Mwaka 1914 aliajiriwa katika kampuni ya magari ya Sheffield-Simplex. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika kampuni ya AC, kisha akaenda kwa Wrigley, waliokuwa wakitengeneza vipuri vya magari. Huko alitia fedha zake nyingi katika kampuni, na kampuni ilipoanguka alipata hasara kubwa. Kwa hiyo alipofika katika mji wa Oxford mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 33, hakuwa na utajiri wowote. Alikuwa na jicho lililojua gari zuri linavyopaswa kuonekana, na sikio lililojua linavyopaswa kulia.

GEREJI YA BWANA MORRIS

Kazi aliyoipata Oxford ilikuwa ya meneja wa mauzo katika Morris Garages. Gereji hiyo ilikuwa mali ya William Morris, fundi aliyeanza maisha kwa kutengeneza baiskeli na ambaye baadaye alikuwa tajiri mkubwa wa magari na kupewa cheo cha Lord Nuffield. Mwaka 1922 Kimber alipandishwa kuwa meneja mkuu.

Magari ya Morris yalikuwa imara na ya bei nafuu, lakini hayakuwa na mvuto. Kimber hakuwa na mtaji wa kuunda injini mpya wala kiwanda cha kuiundia. Alitumia alichokuwa nacho. Alichukua chasisi ya kawaida ya Morris, akairekebisha ili gari likae chini na kushika barabara vizuri, kisha akaagiza bodi nyepesi yenye umbo la kupendeza. Herufi za mwanzo za jina la gereji, MG, zikawa jina la gari. Mwaka 1925 yeye mwenyewe aliliendesha gari moja aliloliandaa kwa namna ya pekee katika mashindano ya safari ndefu ya kwenda Land's End, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, akarudi na medali ya dhahabu.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1928, MG ilipotoa gari lililoitwa Midget. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita 847 tu, na ilitoka katika gari dogo la familia, Morris Minor. Bodi yake ilikuwa ya mbao nyembamba iliyovikwa kitambaa. Bei yake ilikuwa pauni 175. Kabla ya hapo gari la spoti lilikuwa chombo cha matajiri. Sasa karani, mwalimu kijana au afisa mdogo wa jeshi angeweza kulifikiria. Zaidi ya magari 3,000 ya aina hiyo yalitengenezwa. Mwaka 1929 kazi ilihamishiwa katika kiwanda kilichokuwa cha ngozi kwenye mji mdogo wa Abingdon, kusini ya Oxford, na MG ilikaa hapo kwa zaidi ya miaka 50.

KASI PAMOJA NA USALAMA

Kimber aliamini kwamba udhaifu wa gari hujitokeza haraka zaidi katika mashindano. Breki isiyofaa, springi dhaifu au pampu mbovu ya mafuta, ambayo mteja wa kawaida angeigundua baada ya miaka miwili, dereva wa mashindano huigundua kwa siku moja. Mwezi Februari 1931, kwenye uwanja wa Montlhéry nchini Ufaransa, dereva George Eyston alikwenda zaidi ya maili 100 kwa saa katika MG yenye injini isiyozidi sentimita 750. Gari lenye injini ndogo kiasi hicho halikuwa limewahi kufikia mwendo huo. Mwaka 1933 kikosi cha MG kilitwaa tuzo ya timu katika mashindano ya Mille Miglia huko Italia, na mwaka huo huo Mwitalia mashuhuri Tazio Nuvolari alishinda Tourist Trophy huko Ireland ya Kaskazini akiwa katika MG.

Kaulimbiu ya kampuni iliweka usalama na kasi bega kwa bega, kama mambo mawili yasiyopingana. Polisi waliielewa maana yake. Katika miaka ya 1930 polisi wa jimbo la Lancashire walianza kutumia magari ya MG kwa doria za barabara kuu, na vikosi vingine vya polisi vya Uingereza navyo vikayatumia kwa miaka mingi. Gari jepesi lililotii usukani na breki lilimwezesha polisi kumfikia mkosaji bila yeye mwenyewe kuwa hatari barabarani.

Mwaka 1935 mambo yaligeuka. Morris, aliyekuwa akiimiliki MG binafsi, aliiuza kwa kampuni yake kubwa ya Morris Motors. Idara ya mashindano ilifungwa. Kimber alibaki kuwa mkuu wa Abingdon, lakini maamuzi makubwa yalianza kutoka kwingine. Hakususa wala hakukimbia. Aliendelea kutengeneza magari mazuri kwa vipuri vya kawaida, na mwezi Mei 1939 alipata furaha nyingine kubwa: Goldie Gardner, afisa aliyejeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, alivuka maili 200 kwa saa karibu na Dessau nchini Ujerumani katika MG ya ujazo wa sentimita 1,100. Gardner naye alikuwa na mguu ulioumia, kama Kimber.

MKATABA ULIOMGHARIMU

Miezi michache baadaye vita ilizuka. Utengenezaji wa magari ya spoti ulisimama, na kiwanda cha Abingdon, chenye mafundi hodari, kikapewa kazi ndogo ndogo tu. Kimber hakuweza kuvumilia mafundi wa namna hiyo wakae bila kazi inayolingana na ujuzi wao wakati nchi iko vitani. Alitafuta kazi mwenyewe. Kiwanda kikatengeneza vifaru, na zaidi ya hayo Kimber akapata mkataba wa kuunda sehemu ya mbele ya ndege ya kijeshi iliyoitwa Albemarle.

Kosa lake lilikuwa moja: aliuchukua mkataba huo bila kupata kwanza idhini ya wakubwa wake. Mwezi Novemba 1941 alitakiwa ajiuzulu. Baada ya miaka 20 ya kazi, mtu aliyeijenga MG alitoka Abingdon akiwa hana hisa wala kauli ndani yake.

Sisi tunaovaa sare hatuwezi kulipita jambo hili kimya. Mnyororo wa amri si pambo. Chombo ambacho kila mkuu wa idara hujichukulia mikataba kadiri anavyoona yeye hakiwezi kwenda upande mmoja, na waliomwondoa Kimber walikuwa na haki ya kudai utiifu. Lakini haki hiyo ina nusu ya pili. Mkuu anayedai kuombwa idhini anapaswa naye kuona mikono isiyo na kazi chini yake, na kumsikiliza aliyeiona kabla yake. Kimber alihitaji kuonywa, na kipaji chake kilihitaji kutumiwa. Yeye alipata onyo peke yake. Ndege za Albemarle, zilizomgharimu cheo, ziliendelea kuundwa, na Juni 1944 zilikuwa miongoni mwa zile zilizowadondosha askari wa miavuli wa Uingereza huko Normandy.

Kimber alipata kazi kwingine, mwisho katika kampuni ya kutengeneza pistoni. Jioni ya tarehe 4 Februari 1945 alipanda treni katika stesheni ya King's Cross, London. Ndani ya handaki, karibu tu na stesheni, magurudumu ya kichwa cha treni yaliteleza juu ya reli, na gizani treni ikaanza kurudi nyuma bila dereva kung'amua. Behewa la mwisho liliacha njia na kugonga nguzo za ishara. Watu wawili walikufa, na mmoja wao alikuwa Cecil Kimber. Alikuwa na umri wa miaka 56.

KAZI ILIYOBAKI

Kabla ya mwaka huo kwisha Abingdon ilitoa gari jipya lililoitwa TC, ambalo kwa umbo na tabia lilikuwa mwana wa magari ya Kimber. Yalitengenezwa 10,000. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa Uingereza waliyazoea magari hayo, na waliporudi kwao walieneza sifa zake. Baadaye gari la MGB, lililoanza mwaka 1962, lilitengenezwa zaidi ya 500,000 kabla kiwanda cha Abingdon hakijafungwa mwezi Oktoba 1980. Jina lenyewe la MG leo liko mikononi mwa kampuni ya SAIC ya China.

Wenye kuyatunza magari hayo ya zamani wanajua kwamba raha yake hailetwi na fedha peke yake. Chini ya mabati ya TC mna fremu ya mbao, na mbao huoza kwenye maungio. Mwenye gari hana budi kuwa seremala pamoja na kuwa makanika. Kabureta zake ni mbili, na lazima zivute hewa sawasawa: wapo wanaozipima kwa kutega sikio kwenye kipande cha mpira, wakisikiliza mvumo wa moja kisha wa nyingine. Spoki za magurudumu hugongwa moja moja ili ile iliyolegea ijulikane kwa mlio wake. Grisi hutiwa kwa ratiba, na atakayeiruka ratiba atalala njiani. Lakini hakuna kilichofichwa ndani ya gari hilo. Mtu mwenye spana chache, subira na kitabu cha maelekezo anaweza kulifahamu lote, na aliyelifahamu hulipenda.

Uwazi huo ndio urithi wa Kimber. Hakuunda chombo cha ajabu kisichoeleweka. Alikusanya vipuri vya kawaida, akavipanga kwa uangalifu usio wa kawaida, akawaachia wengine kazi ya kuvitunza. Walioimiliki kampuni walikuwa wengine, na umiliki huo umepita mikono mingi tangu wakati wake. Lakini kila asubuhi mahali fulani duniani mtu huinua boneti ya MG, hutazama oili, hulitia moto, na gari huitika.