Adrian Atiman: Mtoto Aliyeuzwa Jangwani, Daktari wa Karema



Mwezi huu nimeona tuache kwanza watakatifu wa mbali, wale wa kwenye kalenda, tumwangalie mtu mmoja ambaye ukishuka kutoka Mpanda mpaka ziwani utakuta wazee bado wanalitaja jina lake kama jina la jirani. Huyu si padre, si mtawa, wala si mfiadini. Ni baba wa familia, katekista na daktari. Anaitwa Adrian Atiman, na Karema yetu hii aliitumikia miaka 67. Soma tena hiyo namba: sitini na saba.

Kabla ya mtu, nianze na mahali, maana Karema wengi tunaisikia tu kwenye habari za bandari mpya. Ipo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika upande wa mashariki, kilomita mia na zaidi kutoka Mpanda mjini, jirani na Ikola, na mto Ifume unaingia ziwani palepale. Ng'ambo ni Kongo. Ni nchi ya Wabende, na jirani zao Watongwe, Wapimbwe na Wafipa. Mwaka 1879 alifika hapo kapteni Mbelgiji, Cambier, aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold II, akaanzisha kituo. Waliomfuata wakajenga ngome juu ya kilima. Mwaka huohuo Wazungu walijaribu hata kuleta tembo wa kufugwa kutoka India wabebe mizigo badala ya wapagazi. Waliteremshwa Msasani wakiwa wanne, akafika Karema mmoja! Wenzake walifia njiani. Sijui Wabende waliomwona tembo anapandwa na mtu kama punda walisema nini siku ile.

Jambo lingine la ajabu: kituo kilipochaguliwa, maji ya ziwa yalikuwa karibu kabisa na kilima. Lakini upande wa Kongo mto Lukuga, ambao ndio mlango wa ziwa, ulikuwa umezibuka, maji yakaanza kutoka kwa nguvu na ziwa likashuka. Ndani ya miaka michache ngome ya ufukweni ikawa ngome ya bara, mbele yake tope na majani. Kapteni Ramaeckers, aliyempokea Cambier, alikufa na kuzikwa hapohapo mwaka 1882. Kisha mataifa ya Ulaya yakagawana Afrika kule Berlin, Karema ikaangukia upande wa Wajerumani, na Wabelgiji hawakuwa na kazi nayo tena. Mwaka 1885 wakawakabidhi Wamisionari wa Afrika, ndio hao wazee wetu wanaowaita White Fathers. Kwa hiyo misheni yetu ilianza maisha ndani ya boma la kijeshi. Na kwa kweli boma lilihitajika, kwa sababu biashara ya watumwa ziwani ilikuwa bado moto, na watu waliokimbia walikuja kujificha chini ya kuta zile.

Sasa tuhame. Twende mbali sana, Afrika Magharibi, nchi inayoitwa leo Mali.

Mwaka 1866 hivi, katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger si mbali na Timbuktu, alizaliwa mtoto wa kiume. Mto Niger pale unapita kwenye ukingo wa jangwa la Sahara: upande huu kuna mpunga, samaki na mitumbwi, na ukitembea kidogo upande ule ni mchanga mpaka Algeria. Timbuktu ilikuwa mji wa vitabu na wa chumvi kwa karne nyingi, na pia mji wa watumwa. Misafara ya ngamia ilishuka na chumvi, ikapanda na watu.

Atiman alikuwa mdogo, umri wa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, alipotekwa na Watuareg. Alikuwa bado anacheza, ndiyo maisha aliyokuwa nayo. Hakuwahi kuaga nyumbani. Akavushwa Sahara, safari ya wiki na wiki, mahali ambapo mtu mzima aliyezoea anaogopa kiu. Alifika kwenye oasisi ya Metlili, kusini mwa Algeria, akiwa bidhaa ya kuuzwa. Hapo mwaka 1876 wamisionari wakamkuta, wakalipa bei, wakamchukua.

Naomba tusimame kidogo hapa, maana sehemu hii sisi huwa tunaipita haraka. Tunasema alikombolewa, basi, tunashangilia, tunaendelea na hadithi. Lakini jifikirie wewe una miaka kumi. Umenunuliwa na mtu mmoja, halafu umenunuliwa na mtu mwingine. Huyu wa pili anakuambia uko huru, anakupa chakula, anakufundisha kusoma, lakini mama yako yuko upande wa pili wa jangwa na hakuna wa kukurudisha. Uhuru wa namna gani huo? Mimi nadhani Atiman alikuwa na kila sababu ya kuwa mtu mchungu. Angeweza pia kuona ana deni kwa wale waliomlipia, akaishi maisha yake yote kama mtu anayelipa deni. Sitaki kumsemea. Ninachoweza kufanya ni kuangalia alivyoishi, na ndiyo maana naandika.

Askofu mkuu wa Algiers wakati huo, Lavigerie, ambaye alianzisha shirika la White Fathers mwaka 1868 na baadaye akawa kardinali, alikuwa na wazo ambalo kwa zama zile lilikuwa geni. Aliona Afrika itaongolewa na Waafrika wenyewe, na kwamba si wote wawe mapadre. Alitaka walei, wenye wake na watoto, wanaojua kazi ambayo kila nyumba inaihitaji. Kazi gani hiyo? Udaktari. Mlango unaofungwa kwa mhubiri unafunguliwa usiku wa manane kwa mtu anayeleta dawa. Basi akachagua vijana waliokombolewa wenye akili nzuri, akafungua chuo chao kisiwani Malta mwaka 1881, wasome utabibu kwenye chuo kikuu cha kule.

Atiman alikuwa mmoja wao. Alibatizwa mwaka 1882 na kupewa jina Adrian. Akasoma Malta mpaka 1888. Hebu mwone: mtoto wa Tundurma, mtumwa wa jana, amekaa darasani Ulaya anajifunza mifupa na mishipa ya damu, pamoja na vijana ambao hawakuwahi kufungwa kamba.

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa mambo mengi. Mwezi wa tano Papa Leo XIII alitoa barua yake ya kulaani utumwa, na Lavigerie akaanza kuzunguka Ulaya akipiga kelele kuhusu watumwa wa Afrika. Mwaka huohuo Atiman akapanda meli kuja Afrika Mashariki. Pwani yetu ilikuwa inachafuka, Abushiri na wenzake walikuwa wameanza kuwapinga Wajerumani. Ni wakati huo kijana wa miaka kama ishirini na mbili anaanza kutembea kwa miguu kutoka pwani kwenda Tanganyika, njia ileile ambayo misafara ya watumwa ilikuwa ikiteremka. Mara ya kwanza alivuka Afrika akiwa amefungwa. Mara ya pili alivuka akiwa na sanduku la dawa. Mwaka 1889 akafika Karema.

Hakuondoka tena mpaka kufa.

Watu aliowakuta misheni wengi wao walikuwa kama yeye. Hili ni jambo ambalo nikiliwaza huwa nanyamaza. Karema ya kwanza ilijaa watoto waliokombolewa kwa wafanyabiashara, na wanawake na wanaume waliokimbia. Mtoto anayeletwa na vidonda vya kamba shingoni alipokelewa na daktari ambaye hakuhitaji kuelezwa maana ya kamba. Alikuwa mgeni wa lugha, hakuwa Mbende wala Mfipa, kwao ilikuwa mbali sana. Lakini hilo moja walilielewa wote bila mkalimani.

Na hospitali? Msifikirie jengo. Fikiria chumba, meza, dawa chache zilizokuja kwa mabega ya wapagazi miezi na miezi, na zikiisha zimeisha. Hapo ndipo Atiman alipoonyesha akili yake. Hakudharau dawa za wenyeji. Aliziuliza, akazijaribu, akachagua zinazosaidia, akazitumia pamoja na alichojifunza Malta. Alipasua, aling'oa meno, alifunga mifupa iliyovunjika, alitibu homa na vidonda. Ugonjwa wa malale ulipoingia kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuhamisha vijiji vizima, daktari wa watu wa Karema alikuwa yeye. Sisi tunaopelekwa Mpanda au Sumbawanga kwa gari na bado tunalalamika barabara, tuwaze mgonjwa anayeletwa kwa mtumbwi.

Alikuwa katekista pia, tusisahau. Alitibu na alifundisha dini, na mkono uliofunga kidonda asubuhi ndio uliochora ishara ya msalaba mbele ya wakatekumeni jioni.

Alioa hapahapa. Mke wake ni Agnes Wansabira, binti wa chifu wa Wabende. Kwa mila zetu unajua maana yake: mgeni akishaoa kwenye ukoo si mgeni tena, ana shemeji, ana wakwe, ana mahali pa kukaa kwenye msiba. Mtu aliyenyang'anywa ukoo akiwa mtoto alipata ukoo mwingine Karema, na safari hii kwa kukubaliwa. Nadhani kwenye habari zake nyingi Agnes anatajwa kwa sentensi moja tu, na hilo linanisikitisha, kwa sababu nyumba ya daktari anayeamshwa kila usiku haiendeshwi na daktari.

Walipata mtoto wa kiume, Yosefu. Huyu Yosefu akaenda seminari, na mwaka 1923 akapewa daraja la upadre. Hebu nikuulize wewe unayesoma: wazazi wangapi wa leo wangekubali? Mwanaume aliyepoteza kijiji chake na wazazi wake anapata mtoto wa kumwachia jina, kisha mtoto huyo anasema anakwenda kwa Bwana, hataoa. Na kwa desturi zetu kukosa wajukuu si jambo dogo, hasa kwa mjukuu wa chifu. Nina hakika waliongea sana usiku pale nyumbani. Lakini Yosefu aliwekwa wakfu, na Lavigerie aliyetaka Atiman awe mlei mwenye familia alikuwa amekufa zamani, mwaka 1892. Hakuona kwamba mpango wake wa kupata madaktari umezaa padre.

Miaka ikapita na serikali zikapita. Alipofika, Wajerumani walikuwa bado hawajafika ziwani sawasawa. Aliwaona wakija na wakiondoka. Vita Kuu ya kwanza ikapiganwa mpaka juu ya maji ya Tanganyika, wanajeshi wa Kibelgiji wakaingia, kisha Waingereza wakatawala. Maaskofu nao walibadilika. Askofu Lechaptois, ambaye mwaka 1907 alianzisha masista wetu wa Maria Malkia wa Afrika, alizikwa Karema mwaka 1917. Bendera zote hizo zilimkuta Atiman anafungua mlango wa zahanati asubuhi. Uzeeni alipewa nishani, na mwaka 1946 habari ya maisha yake kama alivyoieleza mwenyewe ilichapishwa kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Nikiwaza kuhusu nishani zile huwa natabasamu. Zilimkuta mzee wa miaka themanini aliyekwisha kufanya kazi bila kuzisubiri.

Adrian Atiman alifariki mwaka 1956, umri kama miaka 90, palepale Karema. Miaka mitano baadaye Tanganyika ikapata uhuru.

Jimbo la Karema baadaye likahamia Sumbawanga, na mwaka 1969 likachukua jina hilo. Sisi wa huku tukapata jimbo letu la Mpanda mwaka 2000. Karema ikabaki parokia ya ziwani yenye kanisa kubwa kuliko ukubwa wa kijiji, na mgeni anayefika leo kutafuta meli ya Kongo hupita akashangaa jengo la namna ile limetoka wapi. Ukienda Dar es Salaam, karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kuna nyumba ya zamani sana iliyojengwa enzi za Sultani Majid wa Unguja, watu wanapita mbele yake kila siku wakiwahi kivuko. Inaitwa Atiman House. Nyumba ya sultani imebeba jina la mtoto aliyeuzwa.

Parokia zenye vijana wa VIWAWA na TYCS wanaotaka kwenda hija Karema, waulizeni kwanza wazee wa pale kuhusu Daktari Adrian, kabla ya kupiga picha na ngome. Na mkimwombea yeye, mtajeni na Agnes.