Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyeuza farasi akanunua mabawa

KINU cha unga ndicho kilichomlazimu Beryl Markham ajitafutie kazi mapema. Babake, Kapteni Charles Clutterbuck, alikuwa mlowezi Mwingereza aliyefika Njoro mwanzoni mwa karne ya 20. Alifyeka msitu, akauza mbao, akafuga farasi wa mashindano, kisha akanunua injini mbili kuukuu za treni na kuzisimika shambani ili ziendeshe mashine za kusaga mahindi na ngano. Biashara ikashika.

Halafu ukaja ukame. Clutterbuck alikuwa ametia saini mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kupangwa. Mvua zilipokosekana, bei ya nafaka ilipanda hadi ikapita ile aliyoahidi kuuzia unga wenyewe. Angeweza kuvunja mikataba, au anunue ghali na kuuza rahisi. Alichagua hilo la pili, akatimiza ahadi zake mpaka akafilisika. Farasi wakauzwa, shamba likaondoka, naye akapanda meli kwenda Peru kufundisha farasi wa watu wengine. Mkulima yeyote aliyewahi kuuza mazao yakiwa bado shambani ataelewa hesabu hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Beryl alikuwa hajatimiza miaka 20. Alizaliwa Oktoba 26, 1902, huko Ashwell, Uingereza, na kuletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Mamake hakuyaweza maisha ya Njoro, akarudi Uingereza na kaka yake Beryl, msichana akabaki na baba. Aliowaita wenzake ni watoto wa Kipsigis waliokuwa wakiishi na kufanya kazi shambani. Alijifunza lugha yao na Kiswahili, akajifunza kurusha mkuki na kuwinda ngiri. Mmoja wa wenzake hao, Kibii, ambaye baadaye aliitwa arap Ruta, alikuja kufanya kazi naye kwa miaka mingi.

Kutoka kwa baba alipata kitu kimoja ambacho wadai hawakuweza kukipiga mnada, nacho ni ujuzi wa farasi. Alihamia Molo na kuanza kufundisha farasi wa wenye mali kwa malipo. Akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupewa leseni ya kazi hiyo, akiwa na umri wa miaka 18 hivi. Mwaka 1926 farasi aliyemwandaa, Wise Child, ambaye miguu yake ilikuwa na jeraha lililowafanya wengi wamkatie tamaa, alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi. Jina la Beryl likajulikana kutoka Nairobi hadi Nakuru.

Basi kwa nini mtu mwenye kazi inayomlipa aiache na kwenda kuanza upya darasani? Kwa maelezo yake mwenyewe, mbegu ilipandwa siku alipomkuta Tom Campbell Black kando ya barabara huko Molo akihangaika na gari lililoharibika. Campbell Black alikuwa amepigana vita vya kwanza vya dunia, akalima Kenya, na sasa alikuwa akizungumza kuhusu ndege kama wengine wanavyozungumza kuhusu mvua. Mwaka 1929 mjane mmoja, Florence Kerr Wilson, alitoa fedha zake kuanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi, wakiwa na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth. Campbell Black akawa rubani wake mkuu. Jina la mama huyo ndilo linaloubeba Uwanja wa Ndege wa Wilson hadi leo, ambako wanafunzi wa urubani bado wanahesabu saa zao moja moja na kulipia kila moja.

Beryl naye alilipia, na ni vyema kusema fedha zilitoka wapi, maana hadithi za mashujaa hupenda kuruka sehemu hiyo. Alikuwa ameolewa mara mbili, ndoa ya pili na Mansfield Markham, na kuzaa mtoto wa kiume mwaka 1929. Ndoa hiyo ilivunjika kwa kishindo baada ya uhusiano wake na Prince Henry, mwana wa mfalme wa Uingereza, kujulikana. Ili mambo yasifike mahakamani, wakfu uliwekwa wa kumlipa Beryl pauni 500 kila mwaka. Waliochunguza maisha yake wameandika kwamba fungu hilo liliendelea kumfikia hadi alipokufa. Halikumtosha kuishi kitajiri, lakini bila hilo, na bila kuwaachia wengine farasi wake, sijambo la kubahatisha kusema kwamba asingeweza kumudu masomo wala ndege.

Masomo yenyewe yalianza alfajiri, kabla jua halijaifanya hewa ya Nairobi kuwa nyepesi na yenye misukosuko. Mji huo uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na injini dogo za enzi hizo zilipoteza nguvu nyingi katika hewa hiyo. Campbell Black hakuwa mwalimu wa kupiga kelele. Alimwachia mwanafunzi akosee, mradi kosa lisiue. Siku moja alimwacha aelekeze ndege moja kwa moja kwenye vilima vya Ngong. Karibu na vilima hewa ilianza kushuka na kuivuta ndege chini, na kadiri Beryl alivyovuta usukani ndivyo mlima ulivyozidi kupanda mbele ya macho yake. Mwalimu alishika usukani dakika ya mwisho kabisa, akageuza ndege. Somo la upepo unaoshuka halikuhitaji kurudiwa.

Hatari haikuwa ya vitabuni. Mwaka 1928 Maia Carbery, mke wa mlowezi John Carbery, alikufa Nairobi akimfundisha mwanafunzi kurusha ndege. Wote wawili waliangamia. Mei 1931 Denys Finch Hatton, rafiki wa karibu wa Beryl, alianguka na Gipsy Moth yake muda mfupi baada ya kupaa Voi, akafa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Beryl alisema baadaye kwamba alikuwa amealikwa katika safari hiyo, na Campbell Black ndiye aliyemsihi asiende. Haukupita muda mrefu baada ya mazishi akaruka peke yake kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo akapata leseni ya daraja la A.

Leseni hiyo ilimruhusu kuruka, haikumruhusu kulipwa. Hapo ndipo wengi waliishia, maana walowezi wenye fedha waliiona ndege kama mchezo wa Jumapili. Beryl aliihitaji iwe kazi. Alinunua Avro Avian, ndege ya viti viwili iliyosajiliwa VP-KAN, na mwaka 1932 akairusha peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza, akifuata Nile, bila redio, kwa dira na ramani ambazo sehemu zake nyingi hazikuwa na alama yoyote. Saa zilikuwa zinajilimbikiza kwenye daftari. Akasoma sheria za anga na uongozaji wa safari, akajifunza kuifungua injini na kuirudisha ilivyokuwa. Alipofikisha saa karibu 1,000 alifanya mtihani wa daraja la B, na mwaka 1933 akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuwa na leseni ya urubani wa biashara.

Kazi zilikuwepo kwa sababu barabara hazikuwepo. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kakamega na wachimbaji walimiminika huko. Walitaka barua, vipuri na vifaa, na walitaka leo si wiki ijayo. Mvua ikinyesha, malori yalizama hadi ekseli. Ndege ilitumia saa chache. Beryl alibeba barua, abiria, dawa, ujumbe wa wawindaji waliopotea porini. Usiku mmoja wa Juni 1935 alipeleka mtungi wa oksijeni Nungwe, upande wa Tanganyika karibu na Ziwa Victoria, kwa mchimbaji aliyekuwa mahututi, akatua kwenye uwanja uliomulikwa kwa mienge.

Arap Ruta alikuwa naye katika yote hayo. Aliyekuwa akitunza farasi sasa alitunza ndege, akaifuta vumbi, akaisukuma bandani, akasubiri usiku kusikia mlio wa injini ukirudi. Aliijua ndege ile kuliko wamiliki wengi. Lakini kiti cha mwanafunzi hakikuwa chake. Katika Kenya ya kikoloni ya miaka hiyo milango ya urubani haikufunguliwa kwa Mwafrika, na hakuna wakfu wa pauni 500 ambao ungeifungua.

Kazi iliyolipa vizuri zaidi ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Bror Blixen, mwindaji maarufu aliyewaongoza matajiri wa Ulaya na Marekani, alimkodi kuruka juu ya vichaka vya Ukambani kutafuta ndovu wenye pembe kubwa. Akiwaona, aliandika mahali walipo na kuangusha ujumbe katika mfuko wenye utepe mrefu ili wawindaji wauone ukishuka. Leo kazi hiyo ingemfikisha mtu kortini, na inastahili. Wakati huo ilikuwa halali, ila Campbell Black alimwandikia kumwonya aiache, si kwa huruma ya ndovu bali kwa sababu chini hapakuwa na mahali hata pamoja pa kutua endapo injini ingezimika. Beryl hakumsikiliza. Ndege inataka mafuta, bima na matengenezo hata mwezi ambao hakuna mteja, na mwenye deni hachagui safari.

Mwaka 1936 aliamua kutafuta soko kubwa zaidi. Yeye na Blixen waliruka kwenda Uingereza kupitia Sudan, Misri na Libya, ambako maofisa wa Kiitaliano waliwachelewesha kwa vibali na mihuri. Huko Uingereza John Carbery, yuleyule aliyempoteza mkewe angani, alikuwa akijengewa ndege mpya aina ya Percival Vega Gull, yenye injini ya nguvu za farasi 200. Walikuwa wamekubaliana kwamba atamkopesha Beryl, mradi avuke nayo Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, kisha airudishe kwa wakati ili ishiriki mashindano ya kwenda Johannesburg. Kuelekea magharibi kuna ugumu wake, kwani pepo za bahari hiyo huvuma usoni, na kila saa ya upepo ni mafuta yanayokwisha. Jim Mollison alikuwa ameweza akitokea Ireland mwaka 1932. Mwanamke hakuwa ameweza peke yake.

Alipaa kutoka Abingdon Septemba 4, 1936, saa 12:50 jioni. Ndani ya ndege viti viliondolewa na mahali pake pakawekwa matangi ya mafuta. Hayakuwa na kipimo. Rubani alitakiwa kuacha tangi moja likauke kabisa, injini inyamaze, ndipo afungue jingine gizani. Mara ya kwanza ilipozimika juu ya bahari, ndege ilishuka karibu imguse maji kabla injini haijashika tena. Mvua, ukungu na upepo vilimfuata usiku kucha.

Asubuhi aliona nchi kavu. Akavuka Newfoundland, akabadili kuelekea Sydney katika Nova Scotia ili aongeze mafuta kabla ya New York. Injini ikaanza kukohoa. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, mafuta yakawa hayafiki. Alizungukazunguka akitafuta uwanja na kuona mawe matupu, kisha eneo la kijani lililoonekana kama malisho. Halikuwa malisho, lilikuwa kinamasi cha Baleine huko Cape Breton. Magurudumu yakazama, ndege ikainama kwa pua. Beryl alitoka na jeraha kichwani baada ya saa 21 na dakika 25 angani. New York ilimpokea kwa msafara wa magari hata hivyo.

Sherehe hazikudumu. Septemba 19, akiwa bado Marekani, alipata habari kwamba Tom Campbell Black amekufa. Mwalimu wake, aliyeshinda mashindano ya Uingereza hadi Australia mwaka 1934 pamoja na C.W.A. Scott, hakuanguka kutoka angani. Alikuwa ardhini katika uwanja wa Speke, Liverpool, ndege nyingine ilipomgonga.

Baada ya hapo Beryl hakuruka tena kwa riziki. Umaarufu haukuleta mkataba wala ndege yake mwenyewe, na kazi yake yote ya urubani, kuanzia somo la kwanza, ilikuwa ya miaka isiyozidi sita. Aliishi Marekani, na mwaka 1942 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night, ambacho wengine walidai kiliandikwa kwa mkono wa mumewe wa tatu, Raoul Schumacher. Mabishano hayo hayajaisha. Kitabu kilisifiwa, kikauzwa kidogo, kikasahauliwa.

Alirudi Kenya karibu na mwaka 1950, mikono mitupu, akafanya alilolijua tangu Njoro. Farasi aliowafundisha walishinda Kenya Derby mara sita, na kwa miaka kadhaa hakukuwa na mkufunzi wa kumfikia. Uzeeni fedha zilikwisha tena. Aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, hadi kitabu chake kilipochapishwa upya Marekani mwaka 1983 na kuanza kumletea mapato ambayo hakuyapata alipokuwa kijana.

Alikufa Nairobi Agosti 3, 1986. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu kutimiza miaka 50 tangu alipopaa kutoka Abingdon.