Bwanyenye aliyedhani amemkodi Hitler

Ukitoka Garsen kuelekea Lamu utapita mji mdogo unaitwa Witu. Wengi hapo huwa wamelala kwenye basi. Leo usilale, maana stori yangu inaanzia hapo hapo, halafu inahamia Ujerumani.

Mwaka 1890 Witu ilikuwa chini ya Wajerumani. Wao na Waingereza wakaketi wakagawana: Ujerumani iachie Witu, ikubali Zanzibar iwe chini ya Uingereza, nayo ipewe Helgoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Wenyeji wa Witu hawakuwa mezani.

Kule Ujerumani kuna vijana wasomi waliokasirika vibaya. Usidhani walikuwa wanaihurumia Witu. Waliona nchi yao imepunjwa. Mmoja wao alikuwa Alfred Hugenberg, kijana wa miaka 25 kutoka Hanover. Yeye na wenzake wakasaidia kuanzisha, mwaka 1891, chama cha wazalendo sugu kilichotaka Ujerumani izidi kunyakua ardhi. Ishike hiyo hasira yake, tutakutana nayo tena mbele.

Jamaa alisoma sheria na uchumi mpaka akapata udaktari. Mimi niliyeachia chuo njiani, nikisoma maisha yake najiskia mdogo kiasi. Kisha akafanya kazi ya serikali huko Posen, eneo lililojaa Wapolandi. Kazi ya ofisi yao? Kununua mashamba ili yagawiwe walowezi Wajerumani. Wewe Mkenya, sidhani unahitaji nikueleze mlowezi ni nani.

Mwaka 1909 akakabidhiwa usukani wa Krupp, kampuni kubwa ya chuma na mizinga mjini Essen, akakaa hapo hadi 1918, yaani karibu vita vyote vya kwanza vya dunia. Lakini pesa za chuma hazikumtosha. Alitaka vichwa vya watu.

Mwaka 1916 akachukua kampuni ya Scherl, wachapishaji wa magazeti makubwa ya Berlin. Akaongeza wakala wa matangazo, akaongeza shirika la habari. Mwaka 1927 akanunua Ufa, kampuni kubwa ya filamu iliyokuwa imelemewa na madeni.

Sasa sikiza ujanja wenyewe. Gazeti dogo la mashinani halikuwa na uwezo wa kuweka mwandishi Berlin. Hugenberg akawa analiuzia habari zikiwa tayari, kazi yako ni kuchapa tu. Pesa ya Ujerumani ilipopoteza thamani mwaka 1923 na magazeti hayo yakawa yanazama, kampuni zake zikayakopesha. Msomaji akifungua gazeti la mtaani kwao anaona jina lile lile alilolizoea, kumbe maneno ni ya mtu mmoja. Ni kama wewe ufuate kurasa kumi kwenye simu yako, na zote ziwe zinaandikwa na msee mmoja.

Bungeni aliingia 1919, kwa tiketi ya DNVP, chama cha kihafidhina kilichoichukia jamhuri mpya. Kuongea hakujua. Alikuwa mfupi, mnene, masharubu mazito, hotuba kavu. Hata hivyo mwaka 1928 akawa mwenyekiti, maana mwenye mkwanja ndiye mwenye sauti. Wenye msimamo wa kadiri wakaanza kuhama. Chama kilichopata karibu asilimia 20 ya kura mwaka 1924 kikabaki na asilimia 7 hivi mwaka 1930.

Kura hazimtaki, atafanyaje? Akatafuta mtu wa kelele. Mwaka 1929 alipiga kampeni ya kura ya maoni kupinga mpango mpya wa kulipa madeni ya vita, akamwingiza Adolf Hitler kwenye kamati. Wakati huo chama cha Hitler kilikuwa kimepata chini ya asilimia 3 katika uchaguzi uliotangulia. Kura hiyo ya maoni ilianguka vibaya. Aliyefaidika ni Hitler: sasa alionekana akikaa na wazito, na magazeti ya Hugenberg yanamwandika. Mwaka uliofuata akazoa asilimia 18.

Januari 30, 1933, Hitler akawa chansela. Hugenberg akapewa uchumi na kilimo, wizara mbili kwa mpigo. Wahafidhina walihesabu viti vya baraza, wakaona Wanazi ni watatu tu, wakatulia. Hesabu gani hiyo! Asubuhi hiyo hiyo Hugenberg alikataa uchaguzi mpya ambao Hitler alitaka, kisha akalegea. Machi, wabunge wake wakaipigia kura sheria iliyompa Hitler nguvu za kutawala bila bunge.

Juni akaenda London kwenye kongamano la uchumi la dunia. Ile hasira ya 1890 ikamtoka: akawasilisha waraka akidai Ujerumani irudishiwe makoloni ya Afrika, na ipate ardhi ya walowezi upande wa mashariki. Hitler wakati huo alikuwa anaigiza mtu wa amani, na wenzake Hugenberg wakamruka peupe. Juni 27 akajiuzulu. Siku hiyo hiyo chama chake kikavunjwa. Hata miezi mitano haikuwa imeisha.

Serikali ikameza shirika lake la habari, ikafuata Ufa mwaka 1937, kisha Scherl. Usimlilie: alilipwa, na kiti cha bunge aliachiwa hadi 1945, bunge la kupiga makofi. Baada ya vita Waingereza walimkamata, baadaye akaachiliwa. Alifariki Machi 12, 1951, akiwa na miaka 85. Mamilioni ya watu hawakupata bahati ya kufika umri huo, kwa sababu ya mtu ambaye yeye alimshikia ngazi.

Hakuwahi kuwa mwanachama wa Nazi. Alidhani tu kwamba ukiwa na pesa na magazeti, unaweza kumfuga simba na kumwachilia kwa adui zako pekee. Kwa hivyo siku ukiona mtu wa kelele amepanda jukwaani mtaani kwenu, msikize, lakini pia uliza nani amelipia spika.