Zera Yacob wa Uhabeshi: Mtu Aliyemtafuta Mola Wake kwa Akili

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, njia kuu ipitayo hapa Isiolo yaendelea kaskazini mpaka Moyale, na mbele ya Moyale ni Uhabeshi, nchi ya Najashi aliyewapa hifadhi Masahaba wa Mtume (s.a.w.) walipoteswa Makka. Miaka elfu baadaye, katika nchi hiyo hiyo, mtu mwingine aliteswa kwa ajili ya dini. Lakini yeye hakumkimbilia mfalme, bali alimkimbia. Mtu huyo ni Zera Yacob, wala hakuwa Mwislamu. Tumeona vema kueleza khabari zake kwa kuwa alijiuliza swali ambalo wengi wetu tumerithi jawabu lake tu: nitajuaje ya kuwa Mungu yuko?

Alizaliwa mwaka 1599 karibu na Aksum, mtoto wa mkulima maskini. Alitiwa chuoni akasoma Zaburi. Sauti yake haikufaa kwa nyimbo za kanisa, akageukia nahau na mashairi, kisha akasoma tafsiri ya vitabu vyao muda wa miaka kumi, akawa mwalimu. Siku hizo mapadri waliotoka Ulaya walikuwa wamemvuta Mfalme Susenyos katika madhehebu ya Roma, na nchi ikagawanyika. Zera Yacob aliwasomesha wanafunzi kauli za pande zote mbili bila ya kupendelea. Basi pande zote mbili zikamchukia, na adui mmoja akamsingizia kwa mfalme kuwa awachochea watu. Akatoroka na dhahabu kidogo na Zaburi yake, akaingia pangoni karibu na mto Takkaze. Alikaa humo miaka miwili.

Pangoni alianza na shaka. Aliona watu wakidhulumiana kwa jina la Mungu, akauliza kama yuko kweli Mwenye kusikia. Kisha akaitazama nafsi yake. Alijua kuwa hakujiumba, kwani asiyekuwako hawezi kujileta. Wazazi wake walimzaa, lakini nao walizaliwa, na wazazi wao vivyo hivyo. Mlolongo huo hauwezi kurudi nyuma pasipo na mwisho. Lazima ukome kwake Aliyeko bila ya kuumbwa. Na kwa kuwa mwanadamu amepewa akili, Mwenye kumpa hawezi kukosa ujuzi, maana asiye na kitu hakitoi. Aliyesoma Ummul-Barahin ya Imamu Sanusi ataitambua hoja hii: ndiyo maulamaa wetu waliyoiita kubatilika kwa tasalsul.

Akaona pia kwamba watu wengi hushika dini za wazee wao bila ya kuzichunguza, kwa sababu uchunguzi ni kazi nzito na mwanadamu ni mvivu.

Susenyos alipofariki mwaka 1632, alihamia Enfraz, akakaa kwa tajiri aitwaye Habtu, akinakili vitabu na kuwasomesha watoto wa nyumba hiyo. Alimposa Hirut, mtumishi wa humo, akakataa kumchukua kama kijakazi, kwani alishika kuwa mume na mke ni sawa katika ndoa. Mwaka 1667, kwa ombi la mwanafunzi wake Walda Heywat, aliandika kitabu kiitwacho Hatata, yaani Uchunguzi. Alifariki mwaka 1692, mwenye umri wa miaka 93.

Wako wataalamu wanaokana khabari hizi. Mwaka 1920 Mtaliana Conti Rossini alidai kuwa kitabu hicho kilitungwa na padri Giusto da Urbino katika karne ya 19. Wengine, kama Claude Sumner, wamekitetea kuwa ni cha Mhabeshi. Sisi twasema: hoja hupimwa kwa uzito wake, si kwa jina la msemaji.

Wala kitabu hicho hakikutuacha Waislamu nje ya mizani. Chatulaumu kwa wake wengi na kwa kuuza watu. Hapana shaka mwandishi alikosea alipodhani kuwa akili peke yake yatosha: akili hujua kwamba Muumba yuko, lakini namna ya kumwabudu haijulikani ila kwa Mtume. Ama la kuuza watu, tusifanye haraka kukasirika. Sheria yetu ilifanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara. Na juu ya hayo, soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873, Sayyid Barghash alipolazimishwa na Waingereza. Aibu hiyo si ya dini. Ni ya watu waliofuata ada za wazee wao bila ya kuuliza.

Basi ndugu zangu, mtoto wako akikuuliza nani aliyemuumba Mungu, usimkemee wala usimpige. Keti naye, umfuatishie mlolongo ule mpaka mwisho wake, ajue kwa nini hapo swali linakoma. Imani aliyoifikia kwa kufahamu haitang'olewa na kila upepo atakaokutana nao ugenini.

Wabillahi tawfiq.