George Mukabi: Mshairi Aliyeandika kwa Gitaa

Katika kituo cha Sigalagala, barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega huchipuza tawi linaloelekea magharibi hadi Butere. Wanafunzi wa chuo cha ufundi kilicho hapo hulipita tawi hilo kila siku, na aghalabu hawana habari kwamba linaelekea nchi ya Kisa, alikotoka mtu ambaye, kwa maoni yangu, ni mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili waliopata kuzaliwa bara. Mtu huyo ni George Mukabi. Hakuacha diwani wala mswada, aliacha santuri. Na kwa kuwa aliacha santuri badala ya kitabu, sisi walimu tumemwacha nje ya mlango wa darasa kwa zaidi ya miaka sitini.

Mukabi alikulia katika nchi iliyokuwa ikibadilika upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kakamega ilivamiwa na watafuta dhahabu, na watu waliozoea jembe wakajifunza kazi ya mshahara. Reli ya kutoka Kisumu ilifika Butere, ikawa inawachukua vijana kwenda mijini na kuwarudisha na mavazi mapya, maneno mapya na nyimbo mpya. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Askari waliorejea baada ya mwaka 1945 walikuja na mambo mengi waliyoyaona Burma na kwingineko, na miongoni mwa mambo hayo ni mapenzi ya gitaa. Fundi Konde, kwa mfano, alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi kabla ya kuwa jina kubwa Nairobi. Hivyo, Mukabi alipofikia umri wa kushika ala, gitaa halikuwa tena kitu cha Mzungu peke yake. Lilikuwa mali ya karani, ya dereva, ya kibarua na ya kijana yeyote aliyeweza kudunduliza shilingi.

Kutoka magharibi zaidi, huko Katanga, kulikuwa kukivuma upepo mwingine. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na santuri za kijana huyo zikasambaa Afrika Mashariki yote. Mwenda aliimba Kiswahili cha Kongo, na gitaa lake lilisikika kama magitaa mawili yaliyo mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1959 alifika Nairobi mwenyewe, akawaacha wapigaji wa hapa vinywa wazi. Wengi walimwiga. Mukabi naye alikuwa mtoto wa zama hizo hizo, lakini hakuridhika kuwa mwangwi wa Katanga.

Mtindo aliousifikia huitwa omutibo. Kidole gumba cha mkono wa kulia hutembea juu ya nyuzi nene bila kuchoka, kikishika mapigo, huku kidole cha shahada kikichezea nyuzi nyembamba na kutoa sauti inayojibizana na mwimbaji. Pembeni huketi mwenzake mwenye chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye migongo migongo, akiikwaruza na kuigonga kwa chuma. Mtu aliyekulia katika eneo hili la Waisukha na Waidakho hahitaji kuambiwa mapigo hayo yalitoka wapi. Ni mapigo ya isukuti. Ngoma tatu za isukuti, yaani kubwa, ya kati na ndogo, kila moja ina kauli yake, na uzuri wake u katika kupishana kwao. Katika omutibo, gumba ni ngoma kubwa, kidole cha shahada ni ngoma ndogo, na chupa hujaza nafasi iliyobaki kati yao. Ala ilikuwa ngeni, lakini sarufi ya mapigo ilikuwa ya kwetu. Mwaka 2014 UNESCO iliitia isukuti katika orodha ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hilo ni jambo la heri, lakini yafaa tukumbuke kwamba Mukabi na wenzake walikwisha kuihifadhi isukuti kwa namna nyingine zaidi ya nusu karne kabla ya hapo.

Sasa tufikie lugha, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kwa nini mtu wa Kisa, ambaye lugha ya mama yake ni mojawapo ya lahaja nyingi za Kiluhya, aimbe kwa Kiswahili? Jibu jepesi ni biashara: santuri ya Kiswahili iliweza kununuliwa Kisumu, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Jibu hilo ni kweli, ila halitoshi. Tazama alichokiimba. Nyimbo zake, kama Sengula Nakupenda na Mtoto Si Nguo, zinahusu mapenzi, ndoa, malezi, na aibu na fahari za nyumbani. Hayo ni mambo ambayo mtu huyasema kwa lugha ya mama. Mukabi aliyatoa jikoni na uani, akayatia katika lugha ambayo jirani asiye wa kabila lake angeielewa. Wakati huo Kiswahili cha bara kilikuwa kikihesabiwa na wengi kuwa lugha ya amri, ya soko na ya kambi. Yeye alikifanya kuwa lugha ya nasaha na ya huba. Ukiniuliza ni nani waliokita mizizi ya Kiswahili katika nyoyo za watu wa magharibi mwa Kenya, nitawataja walimu, nitaitaja redio, na pamoja nao nitamtaja mpiga gitaa huyu.

Aidha, tukumbuke umbo alilofanyia kazi. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilichukua takriban dakika tatu kwa kila upande, basi. Ndani ya dakika hizo mtunzi alipaswa kuingia kwa gitaa, kutaja jambo, kulipindua, kulipigia mfano na kutoka. Mtunzi wa shairi la tarbia hubanwa na mizani na vina. Mukabi alibanwa na saa. Mabano ya aina zote mbili huzaa ufundi ule ule: neno moja kufanya kazi ya maneno matatu.

Maisha yake hayakuwa marefu. Aliuawa mwaka 1963, akiwa bado kijana, katika ugomvi wa kifamilia. Ni kinaya kichungu kwamba mtu aliyewausia wenzake juu ya mambo ya nyumbani aliangamia kwa sababu ya mambo ya nyumbani. Kenya ilijitawala mwaka huo huo. Taifa jipya likaanza kutafuta fasihi yake, na sisi wasomi tukaitafuta katika vitabu.

Hata hivyo, mtindo wake haukufa. Kule Bunyore, Shem Tube na wenzake wa Abana ba Nasery waliendelea na gitaa kavu na chupa ya Fanta, hata kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ikazikusanya nyimbo zao katika albamu mwaka 1989. Mwanawe Mukabi, Johnstone Ouko Mukabi, naye alilishika gitaa na kuzipiga nyimbo za babake. Na vijana wengine wa Kiluhya walipotia umeme katika magitaa yao, sauti ilivuka bahari: mwaka 1968 kundi la roki la Uingereza, The Tremeloes, liliurudia wimbo Helule Helule wa Daudi Kabaka, ukapendwa na Waingereza ambao wasingeweza kuionyesha Kakamega katika ramani.

Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Olvido Records ilizitoa upya nyimbo za Mukabi katika santuri ya plastiki, kwa jina Furaha Wenye Gita. Wakusanyaji wa santuri katika miji ya Ulaya na Marekani waliipokea kama watu waliopata johari. Nami niliposoma jina hilo nilijua papo hapo walimu wenzangu wangelipokeaje. Kalamu nyekundu ingetoka mfukoni. Wapi kiunganishi? Ilipaswa kuwa furaha ya wenye gitaa, na gitaa lenyewe lina irabu mbili mwishoni!

Hapa ndipo nina ugomvi na taaluma yetu. Tunapomfundisha mwanafunzi ushairi, tunamwambia kwamba mshairi ana uhuru. Tunamfundisha inkisari, yaani kulifupisha neno ili mizani itoshe. Tunamfundisha mazida, yaani kulirefusha. Tunamfundisha kuboronga sarufi, na tunampa alama akiutaja ubeti ambamo mshairi wa Mvita au wa Lamu amepangua mpangilio wa kawaida wa maneno. Lakini mtunzi wa Kisa akidondosha kiunganishi kimoja ili neno likae sawa na kidole gumba chake, hatusemi inkisari. Tunasema hajui Kiswahili. Je, uhuru wa mshairi ni wa watu wa pwani peke yao? Au ni wa yule aliyechapishwa peke yake?

Sisemi kwamba mwanafunzi aandike insha ya mtihani kwa Kiswahili cha santuri. La hasha. Kiswahili sanifu kina mahali pake, nami ni mmoja wa wanaokula mkate wake. Ninachosema ni kwamba kuna tofauti kati ya kosa na lahaja, na kati ya lahaja na sanaa. Kiswahili cha bara kina utaratibu wake: upatanisho wa ngeli hulegea kwa kanuni zinazojulikana, lafudhi hufuata mfumo wa sauti wa lugha ya kwanza, na msamiati huazima palipo na pengo. Mwanafunzi wa Sigalagala anayechekwa na wenzake kwa lafudhi yake hukua akidhani kwamba lugha hii ni ya kuazima na kwamba wenyewe wako mbali. Mwanafunzi huyo akisikizishwa Mukabi darasani, akaambiwa kwamba hii nayo ni fasihi ya Kiswahili, iliyotungwa na mtu wa upande huu wa barabara, hataogopa tena kufungua kinywa. Hiyo ndiyo faida ninayoitafuta, wala si sifa ya marehemu.

Kuna jambo la pili, nalo halingoji. Santuri za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ni ngumu lakini huvunjika kama kigae, zikianguka, zimekwisha. Katika vijiji vinavyoizunguka Sigalagala nimeonyeshwa santuri zilizofungiwa katika masanduku ya bati, katikati ya nguo za sherehe, na wazee wasio na kinanda cha kuzipigia wala sindano. Nimeona nyingine zikifunika mitungi. Vijana wa nyumba hizo huziona kama takataka, na akija mnunuzi kutoka Nairobi huziuza kwa bei ya sukari. Baada ya miezi, ziko katika rafu ya mkusanyaji ng'ambo.

Simlaumu mkusanyaji. Lau si yeye, nyingi ya nyimbo hizi zingekuwa zimezikwa pamoja na waliozicheza. Wala si kweli kwamba Wakenya wote wamelala: Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2008 kazi yake ya kufuatilia chimbuko la benga, na imeendelea kuwatafuta wanamuziki wa zamani. Lakini kampuni hutoa tena kile ambacho wanunuzi wake watakipenda, nao hupenda gitaa. Maneno hawayaelewi. Anayeweza kuyasikiliza maneno, akayanukuu, akayafafanulia vizazi vijavyo mafumbo yake na mizaha yake ya Kiluhya iliyojificha ndani ya Kiswahili, ni mwalimu na mwanafunzi wa huku. Kazi hiyo haiwezi kufanyiwa Marekani.

Kwa hiyo natoa ombi lisilohitaji kamati wala bajeti. Mwalimu wa Kiswahili anapofika sehemu ya fasihi simulizi, asiishie kwenye nyimbo za jando na za mavuno ambazo wanafunzi wake hawajapata kuzisikia. Awatume wanafunzi nyumbani wakaulize ni santuri zipi zilichezwa katika arusi za babu na bibi zao. Waandike majina ya nyimbo, ya waimbaji na ya kampuni yaliyo kwenye karatasi ya katikati. Waandike maneno ya nyimbo kama mzee anavyoyakumbuka, bila kuyasahihisha. Na wanafunzi wa ufundi, ambao hutengeneza redio na injini, hawashindwi kufufua kinanda kimoja ili santuri ipigwe na kurekodiwa kabla haijauzwa au kuvunjika.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mukabi alicheza kwao, na watu wa kwao walimtuza kwa kumpenda, kumwiga na kuwaita watoto wao wasikilize. Ni shule iliyobaki na deni. Deni hilo hulipwa siku mwalimu atakapoandika ubaoni jina la George Mukabi chini ya kichwa cha washairi, na kumtaka mwanafunzi amhakiki kama anavyowahakiki wengine: kwa dhamira, kwa muundo, kwa mtindo na kwa matumizi ya lugha.